Kumpeleka Marehemu Jukwaani: Jinsi ya Kuanza Stendapu Ukiwa Bado na Msiba

Daftari lifungue hata leo. Maiki iache ingoje. Watu wengi huyachanganya haya mawili: mtu amefiwa, kifua kimejaa, amesikia kwamba kicheko ni dawa, na kabla matanga hayajaisha yuko kwenye baa fulani Kampala anaomba apewe dakika tano. Kuandika juu ya marehemu unaweza kuanza wiki ile ile ya mazishi, na pengine ndipo unapokumbuka mengi zaidi. Kuyasema mbele ya watu wasiokujua ni kazi nyingine, na ina wakati wake.

Mimi nina mgahawa Malaba, upande wa Uganda, na usiku mwingine napanda jukwaani kuchekesha. Baba yangu alikuwa dereva wa matrela, Mombasa hadi Kampala, baadaye hadi Juba, ndiyo maana Kiswahili kilikuwa lugha ya mezani kwetu. Alipofariki nikaanza kumwandika, na kutokana na maandishi hayo nikapata dakika zangu za kwanza za stendapu. Nawaandikia nyinyi mliofiwa ambao mnajua kabisa kwamba yule mliyemzika alikuwa mtu wa kuchekesha, na mnaogopa kulisema hilo kwa sauti.

Je, si kumkosea adabu?

Tuanze hapa, maana swali hili likibaki moyoni utalibeba hadi jukwaani na watazamaji wataliona usoni.

Kwetu Afrika Mashariki kicheko hakijawahi kufukuzwa msibani. Nenda Tanzania uone watani wanavyofanya: wanamuigiza marehemu alivyotembea na alivyodai deni lake, wanazuia kazi ya kaburi mpaka wapewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Hiyo ni haki ya mtani na hakuna anayemkasirikia. Buganda wana okwabya olumbe, sherehe ya kuumaliza msiba na kumsimika mrithi, ambapo watu hula, hunywa na kucheza ngoma hadi alfajiri. Hata katika mazishi yetu ya kawaida, baada ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, kusema na mwanasiasa kutoa bahasha yake, anayekumbukwa mwaka mzima ni yule mzee aliyesimama akasimulia jinsi marehemu alivyokimbizwa na nyuki.

Kuna watafiti walioliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 1997 Dacher Keltner na George Bonanno wa Marekani walichapisha kazi yao juu ya watu waliofiwa na waume au wake zao. Waliwarekodi kwa video wakizungumza kuhusu marehemu miezi kama sita baada ya kifo, wakatazama nyuso zao. Waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachofika hadi machoni, walikuwa na dhiki na hasira kidogo kuliko wenzao, na uhusiano wao na watu ulikuwa mzuri zaidi. Hilo halithibitishi kwamba kicheko ndicho kilichowaletea nafuu. Linaonyesha tu kwamba kucheka ukimtaja mtu wako hakumaanishi umemsahau.

Lakini ruhusa ya mila haitoshi. Kuna ruhusa ya nyumbani. Kabla hujamtaja marehemu mbele ya watu, nenda kwa yule aliyefiwa zaidi yako: mjane, mama mzazi, mtoto mkubwa. Kaa naye, msimulie vile vile utakavyosimulia jukwaani, mwache acheke au anyamaze. Mama yangu alisikiliza yote, akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniambia, "Mseme baba yako, mwanangu, nimekubali. Ila ile habari ya Juba iache." Habari ya Juba sijawahi kuigusa na sitaigusa. Ugonjwa wa marehemu, hali yake ya kiafya, madeni yake, watoto waliojitokeza siku ya mazishi, kesi ya shamba: hayo si yako peke yako. Uganda ni ndogo na simu zote zina kamera. Utakachokisema Wandegeya, Kampala, Alhamisi kitasikika kijijini Ijumaa asubuhi.

Kwa dada zangu Waislamu waliofiwa na waume: eda ni miezi minne na siku kumi, na jukwaa lisubiri. Daftari halikatazwi.

Utajuaje kwamba wakati umefika

Kipimo changu ni hiki. Chukua habari unayotaka kuipeleka jukwaani, msimulie mtu mmoja mezani, mkiwa mnakula. Ukifika mwisho wake bila sauti kukatika, na ukawa wewe ndiye unayeiendesha habari, iko tayari. Ukikwama katikati, irudishe daftarini. Na si habari zote huiva pamoja. Habari za baba na kazi yake ziliiva mapema sana. Za wodini hazijaiva hadi leo, na sioni kwa nini niziharakishe.

Usitegemee kwamba majonzi yatakwisha kwanza ndipo uanze. Margaret Stroebe na Henk Schut, waliochunguza namna watu wanavyofiwa, walieleza mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii amezama katika huzuni, saa ijayo anahangaikia ada ya watoto na mahindi yanayotaka kupaliliwa, kisha anarudi tena kwenye huzuni. Kuyumba huko ndiko kawaida yenyewe. Mimi naipenda stendapu kwa sababu ina pande zote mbili. Ukiandika unamkabili marehemu. Ukijifunza kushika maiki, ukitafuta nauli ya kwenda kwenye onyesho, ukikutana na wachekeshaji wenzako nyuma ya pazia, unaishi.

Kukusanya: andika mtu, usiandike kifo

Usianze kwa kutafuta vichekesho. Andika tabia. Marehemu alisalimia vipi? Simu aliipokea kwa maneno gani? Alikuwa na ugomvi gani wa miaka na kitu kisicho na uhai, redio, bawaba ya mlango, jogoo wa jirani? Nini alikataa kukitupa? Aliwaombea nini wageni kabla ya chakula, na ombi hilo lilichukua muda gani chakula kikipoa?

Kisha waulize wengine. Watoto wanamjua baba wa nyumbani tu. Wenzake wa kazini wanamjua mtu mwingine kabisa, na mara nyingi huyo ndiye wa jukwaani. Madereva waliokunywa chai kwangu walinipa baba ambaye sikuwahi kukutana naye. Wakati wa kuuliza ni siku zile watu wanapokuja kuhani, maana wamekaa, wana muda, na wanataka kusema. Waombe ruhusa uwarekodi kwa simu. Kama una ujumbe wa sauti wa marehemu kwenye WhatsApp, uhifadhi mahali pengine leo hii, kabla simu haijaibiwa. Utauhitaji kwa ajili ya lafudhi na pumzi zake, kwa sababu maneno yake bila mdundo wake hayachekeshi.

Usisahau mambo ya msiba wenyewe, yana utajiri mkubwa: tangazo la redio linaloorodhesha ndugu wote hadi binamu aliyeko Mukono, kikundi cha WhatsApp cha michango ambacho aliyeahidi zaidi ndiye wa kwanza kutoka, msema chochote aliyekodiwa pamoja na viti na hema, asiyejua jina la marehemu. Yaandike, lakini yajue yalivyo: kila Mganda, kila Mlugbara, kila Mteso ameshaona hayo, na wachekeshaji wengi wameyasema. Baba yako hakuna aliyemsema.

Kichekesho kimoja, kuanzia daftarini hadi jukwaani

Daftarini kwangu mstari wa kwanza ulikuwa huu tu: "Baba alikuwa na kipande cha bomba. Aligonga matairi. Aligonga na vitu vingine." Madereva wa zamani wanajua: hupimi upepo kwa mashine, unagonga tairi na kusikiliza mlio. Hapo hakuna kichekesho bado, kuna mtu na kifaa chake.

Kichekesho kina utangulizi na pigo. Utangulizi unampa msikilizaji njia ya kufuata, pigo linamgeuza ghafla. Baada ya pigo unaweza kuongeza mkia, yaani mstari mfupi unaochekesha tena bila utangulizi mpya. Baada ya kuandika na kufuta, ikawa hivi:

"Baba yangu alikuwa dereva wa trela. Matairi 22. Hana mashine ya upepo, ana kipande cha bomba. Anagonga, anasikiliza, anajua. Mtu kama huyo akistaafu, bomba halistaafu. Sokoni anagonga tikiti. Dukani anagonga mkate. Nikaleta mchumba nyumbani. Baba akainuka. Akamzunguka mara mbili. Akaniita pembeni: 'Binti yangu, huyu nyuma hana upepo.'"

Mkia: "'Malaba mpaka Tororo atafika. Juba usijaribu.'"

Angalia neno la mwisho la pigo. Niliwajaribia madereva namna mbili. Nikisema "hana upepo nyuma", wanacheka makalio ya mchumba na baba anapotea. Nikisema "nyuma hana upepo", wanamcheka dereva anayemkagua binadamu kama ekseli, na huyo ndiye ninayemtaka. Neno linalobeba kichekesho likae mwisho kabisa, na likishatoka funga mdomo. Wachekeshaji wachanga huongeza "yaani" na "unajua baba yangu alikuwa…" juu ya kicheko, wakakizima wenyewe.

Angalia pia kwamba hadi hapo hakuna aliyekufa. Baba yuko hai, ana bomba mkononi, watu wameshampenda. Sasa ndipo naendelea:

"Baba alipofariki, madereva wakaja kumzika. Utingo wake wa zamani, mzee wa Tabora, akaja na kipande cha bomba. Akalisogelea jeneza. Akaligonga mbele. Akaligonga katikati. Akaligonga nyuma. Akasikiliza. Akasema: 'Mzigo umekaa sawa. Twendeni.'"

Hilo lilitokea. Yule mzee ni Mnyamwezi. Kwa kabila sisi si watani wake, lakini barabara ilishatufanya watani. Watu waliokuwa wanalia pale walicheka, mama yangu miongoni mwao. Jukwaani kinafanya kazi kwa sababu bomba limeshatangulia: watazamaji wanalikumbuka kutoka sokoni na dukani, na linaporudi mahali wasipolitarajia wanacheka na kuumia kwa wakati mmoja. Baada ya "Twendeni" kutakuwa na kicheko, kisha kimya kifupi. Usikiogope kimya hicho wala usikijaze. Hesabu tatu moyoni, kisha endelea.

Jinsi ya kuwaambia kwamba amekufa

Hapa ndipo wengi wanapozama, na ndipo nataka mnisikilize zaidi.

Ukipanda na kuanza, "Habari zenu, baba yangu alifariki," ukumbi wa Kampala utakujibu kwa pamoja pole ya Kiganda, "Kitalo!" Ni adabu, ni upendo, na kichekesho kimekufa hapo hapo. Mtu akishakupa pole, hawezi kukucheka dakika ile ile. Ataona anakukosea. Kwa hiyo una njia mbili.

Ya kwanza ni ile niliyoionyesha: mtangulize marehemu akiwa hai, kwa dakika mbili au tatu nzima, watu wamzoee. Unatumia wakati uliopo: anagonga, anasema, anakasirika. Kifo kinakuja baadaye, kwa sentensi moja fupi isiyo na mapambo, na mara moja baada yake inakuja picha ya kuchekesha. Usiseme "alitutoka ghafla" wala "Mungu alimpenda zaidi". Hayo ni maneno ya mazishini na yanawarudisha watu mazishini. Sema "baba alipofariki" na upite.

Ya pili ni kusema mapema na kuwapa ruhusa papo hapo. Wakisema "kitalo", uwe na jibu tayari kutoka kwa marehemu mwenyewe. Mimi wakati mwingine nasema: "Asanteni. Baba angekuwa hapa angewauliza, kitalo hicho mmekuja nacho na bahasha?" Ukumbi unalegea, kwa sababu sasa anayezungumza ni baba, si mfiwa. Njia hii inataka kifua kigumu kidogo. Kwa mtu anayeanza, napendekeza ile ya kwanza.

Na uso wako uangalie. Ukisimulia habari ya kuchekesha kwa uso wa kuomba huruma, watu hufuata uso. Simulia kama unavyomtambulisha mgeni unayemwonea fahari.

Lugha gani, jukwaa gani

Mwandike marehemu kwa lugha aliyozungumza nawe. Ukumbini utasimulia kwa lugha ya ukumbi, lakini maneno yake yaache yalivyo. Mimi Kampala nasimulia kwa Kiganda na Kiingereza kilichochanganywa kama wanavyochanganya wao, na baba anapofungua mdomo anasema Kiswahili. Wanaelewa. Wasipoelewa neno wanaelewa sauti.

Kiswahili Uganda kina historia yake na lazima uijue kabla hujasimama. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaelekeza kifundishwe shuleni. Lakini watu wengi wa kati mwa nchi walikisikia kwanza kwa askari kwenye kizuizi cha barabara, na bado mabega yao yanapanda wakikisikia. Anza na mistari michache ya lugha yao, kisha mlete mtu wako wa Kiswahili. Arua, Koboko, Bombo, Busia na hapa Malaba huna haja ya kujieleza.

Tazama wakubwa wanavyofanya. Patrick Idringi, tunayemjua kama Salvado, amejenga jina kwa kuibeba Ombokolo ya West Nile hadi kwenye kumbi za Kampala. Anne Kansiime wa Kabale alijulikana mbali kwa video fupi ambazo ndani yake unamwona shangazi, jirani na mwalimu unayemfahamu. Wote wameanzia kwa watu wa mahali pamoja, na hilo ndilo la kujifunza kwao kuliko mistari yao.

Usianzie kwenye jukwaa kubwa. Comedy Store ya Alex Muhangi na ukumbi wa National Theatre, uliofunguliwa mwaka 1959, nenda kwanza kama mtazamaji, ulipe kiingilio, utazame nani anaanza na nani anafunga. Wewe tafuta baa au mkahawa wenye usiku ambao mtu yeyote anaandikisha jina na kupewa dakika tano. Kama hakuna karibu nawe, kuna sherehe ya mwisho wa mwaka ya kikundi cha akiba, usiku wa vijana kanisani, kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba, ambako msema chochote anataka kupumzika kidogo. Mimi nilijaribia vyangu kwa madereva wanaosubiri karatasi za forodha. Sikuwaambia kwamba nachekesha. Nilisimulia huku nikimimina chai, nikaona wapi kikombe kinasimama njiani kwenda mdomoni.

Mambo machache ya jukwaani

Maiki ukiitoa kwenye stendi, stendi ipeleke nyuma yako, isisimame kati yako na watu. Maiki ikae karibu na kidevu, nawe usiipungie mkono. Umeme ukikatika endelea kwa sauti yako mpaka jenereta liwake, watu hupenda sana hilo. Mwenye zamu atakuwashia tochi ya simu ikibaki dakika moja: ukiiona, malizia, hata kama kichekesho bora kilikuwa bado. Jirekodi kila mara kwa simu iliyo mfukoni au mezani kwa rafiki. Kesho yake sikiliza ulipochekwa na uliposema maneno bure, futa ya bure.

Pombe: baa nyingi zitakupa chupa badala ya nauli. Mfiwa anayelipwa bia kila wiki yuko njia mbaya. Omba nauli.

Machozi yakija

Yatakuja siku moja, na mara nyingi si pale ulipoyategemea. Kwangu huwa ni harufu: mtu akiingia na harufu ya grisi, basi. Jitayarishe hivi. Uwe na rafiki mmoja ukumbini anayejua habari yote, akae mahali utakapomwona. Uwe na maji. Sauti ikianza kukatika, simama, shika stendi, vuta pumzi kwa pua, kunywa maji polepole. Watu watakungoja, wana subira kuliko unavyofikiri. Kisha ruka hadi kichekesho ambacho hakihusu marehemu kabisa, ambacho umekiandaa kwa ajili ya dakika hiyo. Ukishachekwa, unaweza kurudi kwake au kuaga. Usiombe radhi.

Siku ya kumbukumbu ya kifo usipande jukwaani mwaka wa kwanza. Kaa na watu wako.

Watakaokufuata nje

Hili hakuna aliyenitayarisha nalo, na ndilo linalonifanya niendelee. Ukishuka, watu watakuja. Mwanamke atakushika mkono akwambie mumewe naye aligonga vitu. Kijana wa boda atakwambia habari ya kaka yake, atacheka, kisha atasimama tu pale asijue aondoke vipi. Wape muda. Usiwashauri. Uliza jina la marehemu wao na alikuwa mtu wa namna gani, halafu sikiliza. Ukiwa umechoka, sema wazi: "Nimechoka leo, nashukuru umeniambia."

Hata hivyo kupanda jukwaani si matibabu. Kama miezi inazidi sita, hulali, huli, kazi huiwezi, huoni sababu ya kuamka, nenda hospitali. Ukiwaza kumfuata marehemu, nenda leo hii, usingoje miezi. Hospitali ya akili ya Butabika iko Kampala, na hospitali za rufaa za mikoa zina idara ya afya ya akili. Kuzungumza kwenye kikundi pia kunasaidia, na ushahidi uko hapa hapa nchini: utafiti uliofanyika katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai na kuchapishwa mwaka 2003 uliwakutanisha watu wenye sonona katika vikundi vya mazungumzo, na kufiwa kulikuwa moja ya mambo makuu waliyoyashughulikia. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wasiohudhuria. Walioongoza vikundi hivyo walikuwa watu wa huko huko waliofundishwa kazi. Ukienda kwa daktari na bado ukaendelea kuchekesha, hakuna kinachogongana.

Usiku wako wa kwanza

Dakika tano zigawe hivi. Ya kwanza iwe juu ya kitu cha kawaida ambacho ukumbi wote unakijua: teksi iliyokuleta, foleni, bei ya mafuta. Watu wakucheke kabla hawajajua lolote juu yako. Dakika mbili zinazofuata ni za marehemu akiwa hai, tabia moja tu, si maisha yake yote. Ya nne ni kifo na mazishi, sentensi chache, kile kitu cha mwanzo kikirudi mara moja. Ya tano rudi kwenye dunia ya leo, umalize na kichekesho chako chenye nguvu kuliko vyote, na kisiwe cha msiba. Mimi sasa hivi nafunga na habari ya lori la ndizi mbivu lililokwama forodha siku nne.

Ukishuka, mpigie simu yule uliyemwomba ruhusa, umwambie wapi walicheka.